Dada, krimu imenibabua uso, niache?

Mwezi huu simu ya safu hii imejaa mapicha ya nyuso. Mashavu yaliyobabuka, mapaji ya uso, hata mgongo wa kijana mmoja kutoka shingoni mpaka kiunoni, na karibu nyote mnauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: izi krimu za vitamini A za chunusi, tritinoini na adapalini na ndugu zake, zafanya kazi kweli ama zaua ngozi? Mimi ni mfamasia, nimesimama nyuma ya kaunta ya kemisti hapa Mombasa tangu wanangu wako chekechea na sasa wao wenyewe washinda kwa kioo wakihesabu chunusi, kwa hivyo haya nayajua ya dukani na ya nyumbani. Nimechagua barua chache. Majina nimeyaficha, mitaa nimeiacha.

KIBOKONI
Assalam alaykum dada. Mimi ni msichana wa miaka 23. Niliona TikTok wasema tritinoini yamaliza chunusi na madoa, nikaenda kununua ile ya asilimia 0.05. Nimepaka wiki mbili asubuhi na usiku, na ijumaa najisinga msio kama kawaida yangu. Sasa uso wababuka kama nyoka avuavyo gamba, wachoma hata nikitawadha, na chunusi ndio zimezidi kuliko mwanzo!! Dada yangu aolewa wiki tano zijazo na picha zote mimi niko pembeni yake. Niache? Na kwani hii ni dawa mpya ya TikTok?

Waalaykum salaam mwanangu. Simamisha kwa sasa, lakini tyubu usiitupe, manake kosa si la krimu peke yake.

Tuanze na hio asubuhi na usiku. Hii si losheni. Tritinoini hupakwa usiku tu, kwanza kwa sababu mwanga wa jua waivunja ikawa kazi bure, pili kwa sababu ngozi iliyopakwa dawa hii huungua na jua haraka. Alafu kiasi. Nikimuuliza mtu kwani wapaka kiasi gani hunionyesha kidole kizima, nami humwambia uso mzima wataka punje moja ya mbaazi, na ni mbaazi kavu, si ile ishalowa ikafura kwa tui mnayolia mahamri asubuhi. Waichukua kwa ncha ya kidole, waigawa vidoa vidoa, kimoja juu ya paji, kimoja kila shavu, kimoja kidevuni, kisha watandaza mpaka ipotee. Wala usiidonoe kwenye chunusi moja moja kama mnavyofanya na dawa ya meno (najua mnafanya), wapaka eneo lote ambalo huzoea kutoka, kwa sababu kazi yake kubwa si ile chunusi unayoiona leo kwa kioo, ni ile ambayo ingetoka mwezi ujao.

Nkwambie vile inavyokuwa. Ndani ya kinyweleo seli za ngozi zilizokufa, badala ya kupukutika na kutoka, zashikana na mafuta zikawa kizibo, kidogo mno huwezi kukiona kwa macho. Kikikaa ndio chageuka kipele cheupe au kile chenye kichwa cheusi, na bakteria wakistarehe humo ndani ndio pafura pakawa na usaha. Izi krimu zafanya seli zipukutike kwa mpango wake zisizibe, na pia zapunguza ule uvimbe. Sasa ukianza kutumia, vile vizibo vilivyokuwa vimejificha chini vyasukumwa juu vingi kwa pamoja, ndio waona zimezidi. Hio hutokea wiki za mwanzo mwanzo na kwa wengi huwa imetulia ikifika wiki ya 6 au ya 8, na zile chunusi hutoka pale pale zilipozoea kutoka. Lakini kuchoma ukitawadha, ngozi kukaza na kung'aa na kubabuka vipande vipande, hio si kusukumwa, hapo umeungua. Wewe picha yako naona ina vyote viwili.

Na kuungua kwa ngozi zetu hizi nyeusi kuna deni lake. Mzungu akiungua atakuwa mwekundu siku nne tano yakaisha, sisi paliposumbuka pote pabaki doa jeusi la miezi. Yaani umenunua dawa ya kutoa madoa, ukaipaka kwa haraka, ikakutilia madoa mengine. Hapa ndipo wengi huishia, na ukiwauliza watakwambia "ile dawa haikunikubali", kumbe haikupewa nafasi ya kukubali.

Kwa hivyo fanya hivi. Siku kumi krimu usiiguse. Uso uoshe kwa sabuni laini isiyo na manukato, mara mbili kwa siku basi, na upake losheni ya kawaida isiyo na harufu, mashavuni pale palipochubuka hata Vaseline nyembamba usiku si mbaya. Msio uache kabisa usoni, najua ni mila yetu na mimi mwenyewe mwili najisinga, lakini karafuu iliyosagwa na zile chengachenga juu ya ngozi iliyo na tritinoini ni kama kuipiga msasa. Liwa nayo usoni iache kwanza. Na ndimu! Kuna mtu atakwambia upake ndimu. Hapana.

Kuchoma kukiisha kabisa ndio waanza upya, usiku mbili kwa wiki tu, na kwa kuwa watu husahau mimi huwaambia shikeni Jumatatu na Alhamisi kama wafungao sunna. Baada ya isha, ukishamaliza udhu wote wa siku, ngoja uso ukauke sawasawa, piga pasi buibui la kesho hapo utapata zile dakika 20, kwa sababu ngozi yenye maji yainywa dawa kwa wingi na ndio yachoma. Paka losheni kwanza, kisha ile punje ya mbaazi, kisha losheni tena juu. Pembe za pua, pembe za mdomo na chini ya macho zipake Vaseline kabla ili krimu isijivute kule. Ukiona wiki tatu shwari, panda iwe usiku mmoja wapaka mmoja wapumzika. Na kama waweza kubadilisha, shuka uje 0.025, ama chukua jeli ya adapalini ya 0.1 ambayo ni pole zaidi na haivunjwi na mwanga kirahisi. Hio 0.05 uliyoanza nayo si ya mtu anayejifunza.

Kuhusu harusi nisikudanganye. Wiki tano hazitoshi. Matokeo ya dawa hii huanza kuonekana wiki ya 8 na huwa ya maana wiki ya 12, kwa hivyo lengo lako sasa liwe uso uliotulia siku ya picha, usiobabuka, poda ikae. Na jambo moja ambalo nataka ulikate ulibandike kwa kioo: mkienda kutolewa nywele za uso, iwe kwa uzi au kwa sukari, krimu iwe umeiacha wiki nzima kabla, au zaidi. Mwaka jana alikuja msichana hapa kaunta magharibi, ameshika leso mdomoni hataki kuiondoa. Kesha la harusi ni siku ya pili. Alipoondoa, juu ya mdomo ngozi ilikuwa imetoka pamoja na sukari, kipande kiasi cha sarafu ya shilingi kumi, pabichi pametoa maji. Kumbe apaka tritinoini kila usiku na yule mpambaji hakumuuliza wala yeye hakusema. Pakapona, lakini harusini alikaa na ushungi umefunika mpaka puani, na mwenzangu doa lake likakaa mpaka Ramadhani.

Ati mwishoni umeniuliza pia kama hii ni dawa mpya ya TikTok. Mpya wapi! Daktari Albert Kligman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani waliandika kuhusu kupaka tindikali ya vitamini A, ndio hii tritinoini, kwa chunusi 1969, na ikaruhusiwa kuuzwa kule 1971 kwa jina la Retin-A. Ina umri wa kuitwa bibi. Adapalini ndio ya juzi kidogo, Marekani iliidhinishwa 1996, na tangu 2016 kule jeli ya 0.1 yauzwa bila cheti cha daktari. Historia ya huyo Kligman yenyewe ina uchafu mwingi, alifanya majaribio yake ya ngozi kwa wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia, miaka na miaka, na wengi wao hawakuambiwa sawasawa wanapakwa nini. Dawa ni nzuri, njia iliyopitia si ya kusifu.

KISAUNI
Shikamoo Bi Mfamasia. Nina kijana wa miaka 15, uso umejaa chunusi mpaka hataki kwenda madrasa wenzake wamcheka. Jirani asema ni uchafu, babake asema ni ashki ataoa zitaisha. Twatumia maji ya kisima, ya chumvi. Je nimpake hizo krimu ama bado mtoto?

Marahaba mamangu. Jirani akae na usafi wake na babake naye, kwa heshima zote, hilo la kuoa tuliache manake nawajua watu wazima wenye watoto wanne na chunusi zao. Ni homoni za kubalehe, zafanya tezi za mafuta zitoe mafuta mengi. Kuosha uso mara sita kwa siku kwamkausha tu na kumzidishia.

Si mdogo. Adapalini yatumika kuanzia miaka 12, kwa hivyo muanze na hio ya 0.1, punje ya mbaazi, usiku, taratibu ile ile niliyomweleza dada wa Kibokoni hapo juu. Kama ana zile zenye usaha pia, mwongezee benzoili peroksaidi ya 2.5 au 5 asubuhi, hio ndio yaua bakteria. Tena adapalini na benzoili peroksaidi zakaa pamoja vizuri, kuna hata tyubu moja yenye zote mbili. Tritinoini ndio nyingi haziwezi kuchanganywa nayo kwa wakati mmoja, yaharibiwa. Ila nkuonye, benzoili peroksaidi yatoa rangi nguo, mto wake umvalishe foronya nyeupe na kanzu ya rangi asivae mpaka ikauke. Mimi nimepoteza leso mbili za Kiunga kwa ajili ya mwanangu, leso mpya doti haijashonwa, na mpaka leo nikiziona moyo waniuma.

Maji ya chumvi hayaleti chunusi, lakini yakausha, na ngozi iliyokauka haivumilii krimu hizi. Tafuta njia, mtungi mmoja wa maji matamu uwe wa uso wake tu, suuza ya mwisho iwe hayo. Na akiwa na yale mavimbe makubwa ya ndani yanayouma na kuacha mashimo usimkalishe nyumbani na krimu, mpeleke kwa daktari wa ngozi, kuna dawa za kumeza na mashimo yakishaingia hayatoki kwa tyubu.

LIKONI
Dada nina mimba ya miezi minne na chunusi ndio zimenianza upya, nina tyubu ya tritinoini ya zamani, niendelee?

Hapana. Iweke kando leo. Vitamini A ya dawa ikimezwa wakati wa mimba, kama zile tembe za isotretinoini, yaharibu mtoto vibaya, hilo halina mjadala. Ya kupaka huingia mwilini kidogo sana na kama ulipaka mara mbili tatu kabla hujajua usijitie wazimu, mwambie tu mkunga au daktari kliniki, lakini hakuna sababu ya kuendelea kubahatisha wakati kuna nyingine salama. Uliza tindikali ya azelaiki, hio wajawazito hutumia, tena yasaidia na madoa. Na dada zangu mnaotafuta mtoto, acheni krimu hizi kabla, msisubiri kipimo.

MTWAPA
Niaje dadangu. Mimi ni wa boda, jua langu ni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka jioni, chunusi ziko kidevuni pale mkanda wa helmeti wapita, na mgongoni. Nitaweza kutumia hio kitu na hii jua ya huku? Na sanskrini si ni ya wasichana?

Poa kaka. Sanskrini ni ya mwenye ngozi. Sisi tuko digrii nne tu kusini mwa ikweta, kaskazi ama kusi jua letu ni lile lile, na ukipaka tritinoini usiku kisha ukashinda kwa steji bila kinga, utapata madoa meusi kuliko chunusi zenyewe. Bora wewe uchukue adapalini, na asubuhi upake sanskrini ya SPF 30 (hicho ndio kipimo cha kinga ya jua) kwenda juu, kiasi cha vidole viwili kwa uso na shingo, si tone. Zile zinazokuacha mweupe kama umemwagikiwa unga zaboa, najua, tafuta zenye rangi ya udongo udongo, hizo tena zakinga na ule mwanga unaozidisha madoa kwa watu weusi. Yapasa kurudiwa kila saa mbili hivi ukiwa nje. Wenye kuswali wana saa yao tayari, ukitawadha adhuhuri na alasiri umeshaiosha, kausha uso upake tena.

Zile za kidevuni kwa kweli nyingi ni za mkanda, jasho na msuguano. Funga kitambaa safi cha pamba ndani ya mkanda, ukibadilishe kila siku, na lile kofia la helmeti la abiria usivae wewe. Mgongoni krimu ya vitamini A itakupa kazi, ni eneo kubwa na tyubu ni ndogo na mkono haufiki, huko tumia ya kuoga ya benzoili peroksaidi, iache dakika chache kisha suuza, fulana nyeupe.

MAJENGO
Dada nisaidie, nalia nikiandika. Mwaka jana niliuziwa krimu ya "ritino ya chunusi na madoa", tyubu nyembamba, nikaambiwa paka asubuhi na jioni. Wallahi wiki mbili uso ukawa kama yai, chunusi hakuna, rangi imefunguka, kila mtu aniuliza. Nimetumia miezi minane. Sasa nikiacha siku tatu tu uso wawaka moto, watoka vipele vidogo vidogo vyote saizi moja, mashavu yana mishipa myekundu naona mpaka kwa kioo na nimeota manyoya pembeni. Nikirudi kupaka yatulia. Hii tritinoini ndio imenifanya hivi?

Dadangu pole sana, na hapana, si tritinoini peke yake. Picha ya tyubu uliyonitumia niliikuza nikasoma yale maandishi madogo ya ubavuni, na mna vitu vitatu humo: haidrokwinoni (ya kupausha ngozi), tritinoini, na mometasoni. Huo mchanganyiko si wa chunusi kabisa. Huyo huyo Kligman niliyemtaja juu ndiye aliyetengeneza wa kwanza wa namna hii, 1975, kwa ajili ya madoa makubwa ya usoni, na madaktari wa ngozi huutumia wiki chache chini ya uangalizi kisha wauondoa. Miezi minane asubuhi na jioni ni mkorogo wenye cheti.

Kilichokupa uso wa yai ni ile mometasoni, ambayo ni steroidi. Steroidi yazima uvimbe wote mara moja, ndio chunusi zikanywea. Lakini huku chini yafanya ngozi iwe nyembamba, mishipa yaonekana, manyoya yaota, na yaleta chunusi zake mwenyewe, zile za saizi moja ulizonieleza. Ukiiacha ghafla ngozi yalipuka kwa sababu ilishazoea kuzimwa, nawe warudi kupaka, na hapo ndio umefungwa. Haidrokwinoni nayo ikitumika muda mrefu bila mpangilio yaweza kuleta weusi wa bluu bluu ambao kuutoa ni shida mno. Kenya hapa ilishapiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki, kwa hivyo krimu ya kujiremba yenye kitu hicho haifai kuwa dukani hata kidogo.

Usijitibu mwenyewe na usije kwangu kaunta kutaka "krimu ya kuondoa athari za krimu". Nenda kwa daktari wa ngozi na tyubu yenyewe mkononi, usione haya, wao wanaona hivi kila siku. Huenda akakushusha steroidi kidogo kidogo kwa dozi ndogo badala ya kukata mara moja, na huenda ukapewa dawa ya kumeza ya kutuliza kwa muda. Itachukua miezi. Wiki za mwanzo utajiona mbaya kuliko leo, na utashawishika kurudi kwenye tyubu, basi mpe mtu mwingine akufichie, ama itupe mbele yake.

Hili lanikera kwa sababu ni sisi wa kaunta. Aliyekuuzia alijua kusoma. Kwa wengine wote, kabla hujalipa igeuze tyubu usome ubavuni pale palipoandikwa kwa herufi za sisimizi, si jina kubwa la mbele. Dawa ya chunusi itakuwa na adapalini au tritinoini, na asilimia yake. Ukiona jina linalomalizika kwa -sone au -sol, kama betamethasoni, mometasoni au klobetasoli, ya uso wa chunusi si hio, rudisha. Na ukiona "inang'arisha siku saba" usiisome hata hio ya ubavuni.

BAMBURI
Nina vipele vidogo paji la uso lote na kwenye nywele, vyawasha sana nikitoka jasho. Nimetumia adapalini miezi mitatu haijafanya kitu. Kichwa napaka mafuta ya nazi kila siku.

Chunusi za kawaida haziwashi sana. Za kuwasha, ndogo, zote sawa, paji na kifua, mahali pa joto na jasho kama huku kwetu, mara nyingi ni fangasi ya vinyweleo, na adapalini utapaka mpaka uzeeke haitaiondoa. Mwone daktari au mfamasia akuangalie, yatibiwa kwa dawa za fangasi, hata shampuu ya ketokonazoli hufanya kazi ikipakwa pale. Na mafuta ya nazi usiku yashuka kutoka nywele mpaka kwenye paji na mto, yaziba vinyweleo na hao fangasi wapenda mafuta kama sisi tupendavyo viazi karai. Yapake ncha za nywele, mbali na uso. Wanaofunga ushungi, wa pamba na ufuliwe, si ule ule wa polyester wiki nzima.

TUDOR
Shoga, nilifuata maelezo yako ya mwaka jana neno kwa neno, mbaazi na Jumatatu na Alhamisi, sasa ni miezi mitano uso umetakata, limebaki doa moja tu. Naacha lini? Na mbona tyubu yangu ya gramu 20 haiishi, isije ikawa imeharibika?

Maashallah. Usiache, punguza. Chunusi ni ugonjwa wa kujirudia, vizibo vyaendelea kujitengeneza huko chini hata ukiona uso safi, kwa hivyo watu wengi hubaki na usiku mbili tatu kwa wiki miezi mingi, wengine miaka. Hilo doa nalo laendelea kufifia kwa krimu hio hio na sanskrini, usilitafutie kitu kingine.

Na tyubu kutoisha ndio dalili wapaka sawa. Gramu 20 kwa punje ya mbaazi, usiku mmoja ndio mmoja sio, yaenda miezi zaidi ya mitatu kabisa. Wanaonijia baada ya wiki mbili kutaka nyingine ndio huwauliza wanyooshe kidole. Tazama tu tarehe ya kuisha iliyobonyezwa mkiani, funika kifuniko barabara, na usiiweke dirishani wala ndani ya gari, joto la Mombasa la mwezi wa pili laweza kuipika. Ikibadilika rangi au ikajitenga maji huku na mafuta kule, hapo ndio ununue nyingine.